Gurudumu la Kulia Limelala

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Sijawahi kudanganywa mchana kweupe kama leo. Tena na Lemburis!

Asubuhi nimefunga duka la dawa mapema, nikapeleka Subaru yangu Sombetini kwake. Lemburis ndiye fundi wangu wa alaimenti. Nimeweka springi mpya, gari limeshuka vidole vitatu, basi magurudumu lazima yapangwe upya. Nikamwambia ninachotaka: ya mbele yote mawili yalale kidogo, juu yaingie ndani, chini yatoke nje. Kemba, yaani huo ulalo, iwe nyuzi mbili, kushoto na kulia sawasawa. Akalipandisha kwenye mashine, akakaza bolti, akaniita nione kwenye skrini. Mbili na mbili, kijani kotekote. Akajisifu kama kawaida yake, eti Arusha nzima hakuna mkono kama wake. Nimerudi Moshono gari limenyooka, stelingi naishika kwa kidole kimoja.

Nikaliingiza gereji ya nyumbani. Nikasema ngoja nihakikishe. Ndiyo tabia yangu, nikitoka kwa fundi napima mwenyewe: naegemeza kipande cha alumini kwenye rimu, naweka simu juu yake, simu inaniambia gurudumu limelala kiasi gani.

Kushoto — moja. Kulia — tatu!

Nimepima tena. Nimepima mpaka magoti yameuma. Moja na tatu. La kulia limelala, la kushoto limesimama wima kama askari wa gwaride.

Na mwezi wa pili nilipima hapa hapa, kwa simu hii hii, ikakubaliana na mashine yake bila ubishi. Nimempigia. Kasema simu yangu mbovu. Simu yangu! Nimemkatia.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, ananitazama nilivyolala chini. Akaniuliza lile swali lake la kila wiki: "Mama Evelyn, hivi hilo gari mbona limechuchumaa?" Nikamwambia ndivyo linavyotakiwa, mama. Akanipa pole.

Jumapili, 6 Aprili

Elinami amecheka mpaka akakohoa. Nimeolewa na huyu mwanaume miaka kumi na miwili, Evelyn wetu ameshafika shule ya bweni, na bado anashangaa kwamba mke wake anapenda magari kuliko vitenge. Anasema ukishakata springi za gari zima usilie likianza kukusaliti. (Sikukata! Nilibadilisha. Hataki kuelewa tofauti.)

Nikamuuliza: na sakafu je? Sakafu yako haiwezi kuwa imelala?

Nilijua nimekosea kabla sijamaliza kusema. Uso wake ulibadilika. Mwaka jana ndiyo alinijengea gereji hii, yeye mwenyewe, kwa mikono yake, msimamizi mzima wa saiti akashika mwiko Jumapili baada ya ibada. Alimwaga zege moja refu ukingoni mwa korongo, gereji huku na chumba cha mama kule, ukuta mmoja katikati. Zawadi yangu. Miaka kumi na moja alilicheka gari langu, halafu akalijengea nyumba! Nilipoingia mara ya kwanza aliweka pima maji sakafuni akaniambia chuchumaa uone. Kiputo katikati kabisa. Akaihamisha pima maji kona zote. Katikati. Nililia siku ile, sioni aibu kuandika.

Wateja anawaleta hapa waone kazi yake. Nyumba hii ndiyo kila kitu chetu. Basi leo akaniambia kwa sauti ya chini, "Tekla, sakafu yangu usiiguse." Nikaomba radhi.

Mchana nimelegeza bolti nikapanga mwenyewe. Nimelilaza la kushoto, nimelisimamisha la kulia, mpaka simu ikasema mbili na mbili. Lemburis akale jeuri yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Bado sijavua viatu. Nitaandika hivyo hivyo.

Leo sikukuu, nimefunga duka. Mama aliomba nimpeleke Nkoaranga aone shamba lake na achume maparachichi. Tukaenda vizuri taratibu, ingawa stelingi ilikuwa inavutwa kulia kidogo. Nikajisemea ni barabara. Wakati wa kurudi, tumeshapita Tengeru, mvua imeanza, nikaongeza mwendo kidogo tu. Mbele lori la mchanga linakuja. Nikaachia mkono mmoja nifute kioo — gari likaenda. Likaenda lenyewe! Kulia, upande wa lori!

Nilivuta stelingi kwa mikono miwili. Honi ya lori ilinipita sikioni. Mama alisema "Yesu!" mara moja tu, kwa nguvu. Maparachichi yalimwagika gari zima. Nilisimama pembeni nikashindwa kushuka. Mama akaniwekea mkono begani akasema tupumzike, hatuna haraka. Yeye ndiye aliyenituliza mimi! Mwanamke wa miaka sabini na kitu!

Tulipofika nyumbani mama alimwambia Elinami, hakuwa na ubaya, alisimulia tu. Elinami hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema: "Ulitaka kuniulia mama yangu kwa gari la mchezo." Amekwenda kulala.

Jumatano, 9 Aprili

Haiwezekani. HAIWEZEKANI.

Nimekwenda kwa Lemburis gari likitambaa, taa za hazadi zinawaka njia nzima. Akalipandisha kwenye mashine. Kushoto tatu, kulia moja. Kinyume kabisa cha nilichokiona nyumbani! Akaniuliza nani kalichezea gari hili. Nikamwambia ni mimi. Wanaume wote wa gereji wakageuka kunitazama. Lemburis akatikisa kichwa akasema, "Dada Tekla, wewe si mtu wa kufanya hivi." Kweli, ningemeza spana kwa aibu.

Amelirudisha. Mbili na mbili. Nimeendesha mpaka Kisongo na kurudi, nikaachia stelingi kabisa mahali pa wazi. Limenyooka.

Nimefika nyumbani, nimeingiza gereji, nimepima.

Kushoto moja, tena haijafika. Kulia tatu na kitu.

Nimekaa sakafuni nikicheka peke yangu. Mama akauliza kupitia ukutani nina nini. Nikasema sina kitu, mama.

Sitagusa bolti. Mashine imesema ni sawa na barabara imesema ni sawa. Lakini nani ananichezea? Nimewaza jambo baya. Nimewaza Elinami. Anataka nishindwe, nisiende msafara wa Pasaka. Jumatatu ya Pasaka kundi letu la magari ya kushushwa linatoka Kijenge mpaka Usa River, na Jabiri, mwenyekiti wetu, amenipa mimi niongoze. Mwanamke wa kwanza. Elinami alisema hongera lakini midomo haikutaka.

Nimechukua rangi ya kucha, ile nyekundu. Nimechora mstari kwenye kila bolti, nusu kwenye bolti, nusu kwenye chuma. Atakayegeuza bolti atauvunja mstari. Tutaona.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua siku mbili bila kukoma. Meru haionekani kabisa.

Nimekagua bolti. Mistari mizima yote. Hakuna aliyegusa.

Nimepima. Kulia imezidi tena.

Hakuna aliyegusa na imezidi! Nimeona aibu kumdhania mume wangu. Halafu nimeogopa zaidi, maana kama si mtu, ni nini?

Jumapili, 13 Aprili — Matawi

Nimekwenda kanisani kwetu, Elinami na mama wamekwenda kwao Usharikani, kwa Walutheri, tumekutana nyumbani kila mmoja na tawi lake. Mama amepika loshoro, mahindi na maziwa mgando. Tumekula chumbani kwake kwa sababu alitaka tumwone amepanga vizuri.

Mlango wake haufungi. Unagota chini upande mmoja. Elinami akasema mbao zimevimba kwa mvua, atazipiga randa wiki ijayo. Kuna ufa juu ya dirisha, mwembamba, wa kuingiza wembe. Akasema plasta tu inakauka. Mwaka mzima plasta inakauka? Nikaendelea kula.

Mama alikuwa na kapu la maparachichi ya Nkoaranga. Moja likaanguka. Likabingirika chini ya kitanda mpaka ukuta wa nyuma, ule wa upande wa korongo. Nikainama nilichukue. Kule chini yalikuwa manne mengine! Na shanga zake, na vidonge viwili nilivyomletea dukani, na donge la uzi. Vyote pembeni, vyote ukuta ule ule. Mama akafurahi kuviona vidonge vyake, akasema alidhani ni panya.

Nilicheka na wenzangu. Sasa hivi ninapoandika sicheki, sijui kwa nini.

Jumanne, 15 Aprili

Ee Mungu wangu.

Ngoja niandike kwa utaratibu, nisije kesho nikasema niliota.

Siku zote naingiza gari kichwa mbele. Leo mvua ilikuwa kubwa, nilikuwa na maboksi ya dawa kwenye buti, nikasema niingie kinyumenyume ili buti liwe karibu na mlango wa ndani. Nimeshusha maboksi. Kwa mazoea tu nikachukua kipande cha alumini na simu.

Kulia — moja. Kushoto — tatu.

Nikasimama. Nikasema nimechanganya mikono. Nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikautazama kama mtoto wa chekechea. Sikuchanganya. Gurudumu lililokuwa limelala wiki nzima sasa limesimama. Lililosimama sasa limelala.

Nimetoa gari nje kwenye mvua, nikaligeuza, nikaingia kichwa mbele. Kulia tatu. Nimelitoa tena, nikarudi kinyumenyume. Kushoto tatu. Jirani kachungulia juu ya ukuta kuona kama nimerukwa na akili.

Kila nikiligeuza gari, lililoko upande wa nyumba ndilo linalolala, na la upande wa korongo ndilo linalosimama. Gari halina kosa. Halikuwahi kuwa na kosa! Kosa liko chini. Limebaki pale pale sakafuni, gari linalikuta kila likiingia.

Sakafu imelala. Na mwezi wa pili haikuwa imelala.

Na inazidi.

Jumatano, 16 Aprili

Sijamwambia. Mara tatu nimefungua mdomo. Asubuhi alikuwa anapiga mluzi, ana mteja mpya wa Njiro, anamleta Jumamosi aone sakafu. Nitamwambiaje?

Labda ni simu. Labda ni mimi. Nimeomba iwe simu.

Alhamisi, 17 Aprili

Si simu.

Jua limetoka kidogo, nikaosha gari gereji. Mwaka mzima maji ya kuoshea yanakwenda getini, kwenye mfereji, Elinami aliyachongea kijifereji kwenye zege. Leo nimemwaga ndoo nikageuka kuchukua sabuni. Nilipotazama tena, getini pakavu. Povu lote limekwenda nyuma. Linajikusanya kwenye kona ya ukuta wa korongo, na halikai, linashuka. Linanywewa! Pale sakafu inapokutana na ukuta kuna nafasi ya kuingiza kidole. Nimeingiza kidole. Upepo wa baridi unatoka chini.

Upepo! Chini ya zege!

Nimezunguka nje mpaka nyuma, nimeshika vichaka. Huku korongoni wote tunajenga namna moja: unaleta kifusi malori kwa malori, unajaza ukingo, unashindilia, unapata kiwanja kipana. Kila mtu Moshono anafanya hivyo, Elinami amewafanyia wengi. Halafu mabomba ya maji ya paa unayaelekeza nyuma, yasichafue mbele. Yetu yanamwaga pale pale, chini ya chumba cha mama. Mvua yote ya wiki mbili hizi. Kifusi kimekwenda. Kona ya zege imebaki hewani, nimeona chuma cha nondo kimejitokeza. Mbwa angeweza kuingia kulala chini yake.

 

Ijumaa, 18 Aprili — Ijumaa Kuu

Nimemwambia. Nilisubiri atoke ibadani, nikamwambia jikoni, nimesimama.

Alinisikiliza. Nilipofika kwenye kuligeuza gari alianza kutabasamu. Nilipofika kwenye maji akaacha. Nikamwambia twende nyuma ukaone. Akasema, "Leo Ijumaa Kuu, unataka nikachimbe kaburi la kazi yangu?" Nikasema sitaki uchimbe, nataka uone. Akasema nimetafuta njia ya kumlipa kwa lile la lori. Kwamba nimekosea mimi, nikakaribia kumwua mama, sasa nataka tuwe sawa. Mimi? Niombee nyumba yangu ianguke ili nishinde ugomvi?

Nikamwambia leta pima maji. Akasema pima maji iko saiti, na saiti imefungwa, na hata ingekuwa mezani hapa asingeipima sakafu yake kwa sababu ya simu ya mwanamke. Hivyo hivyo. Simu ya mwanamke.

Halafu mama akaongea. Hatukujua yuko mlangoni.

Akasema, taratibu, kwamba yeye amekuwa akilala kichwa chini siku nyingi. Damu inamjaa kichwani, akiamka anaona giza. Akadhani ni uzee. Akageuza mto akalaza kichwa kule kwa miguu, akapata nafuu. Hakutaka kutusumbua.

Nimemtazama Elinami. Alikuwa ameshika kikombe, chai ikamwagika kwenye viatu vya kanisani na hakuona.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua zianze, baba."

Alitoka. Sikumsikia akienda nyuma. Aliwasha pikipiki akaondoka, na mama tumemhamishia sebuleni kwenye kochi. Hakubisha hata kidogo. Amebeba redio yake na kapu. Amesema kochi ni zuri, liko sawa.

Elinami amerudi jioni. Hakula. Nilimuuliza kama amekwenda kuchukua pima maji. Kasema kesho. Anayo, nimeiona imefungwa kwenye pikipiki. Lakini kesho.

Jumamosi, 19 Aprili

Naandikia ndani ya gari. Nimeegesha barabarani, ng'ambo ya geti. Mama yuko kiti cha nyuma. Mvua.

Asubuhi tumeamshwa na mlio, si mkubwa, kama mtu anavunja kuni. Ufa wa juu ya dirisha unaingiza ngumi sasa. Umeshuka mpaka sakafuni, umevuka gereji yote, umepita chini ya gari langu. Sakafu ya kule nyuma imeshuka, unaiona kwa macho, huhitaji simu wala chochote. Mlango wa mama umejifunga wenyewe na haufunguki. Jana usiku angekuwa ndani!

Siwezi kuacha kuliwaza hilo. Jana tu.

Nimetoa gari kwa roho mkononi. Elinami alisimama mlangoni akinielekeza, rudi, rudi, kata kulia, sauti yake ya saiti, haikutetemeka. Gurudumu la mwisho lilipovuka ufa, kipande cha zege kikamega nyuma yake. Nilipofika kwenye lami nikaachia stelingi. Sijui kwa nini nimefanya hivyo, mikono tu. Limekwenda limenyooka kabisa. Na kwa nukta moja nilifurahi, eti unaona, nilisema! Nikajichukia papo hapo. Nimeshinda. Nani alitaka kushinda hivi?

Jabiri amepiga, kauliza kama niko tayari kwa kesho kutwa, watu zaidi ya ishirini wamethibitisha. Nimemwambia gereji yangu inaanguka. Kauliza watu wote wametoka? Nikasema ndiyo. Nilikuwa nasema kweli wakati ule. Kasema anakuja na vijana wabebe vyombo.

Mteja wa Njiro amekuja pia! Kashuka na mwavuli, kaangalia ukuta, kaangalia Elinami, karudi kwenye gari lake bila salamu. Elinami alimwona. Sijawahi kuona mtu amesimama vile, mvua inamnyeshea na hajui.

Ndipo akaenda kwenye pikipiki, akafungua kamba, akachukua pima maji. Nikadhani anaihifadhi isilowe.

Ameingia nayo gereji.

Nimepiga kelele. Namwona kutoka hapa, mlango uko wazi wote. Amepiga magoti upande wa ndani wa ufa, ule ambao haujashuka bado. Ameweka pima maji sakafuni. Ameinamisha kichwa mpaka shavu linagusa zege, kama siku ile aliponiambia chuchumaa uone. Muda wote huo kifusi kinamwagika kule nyuma, tunakisikia, kinakwenda kidogo kidogo na mawe yake.

Nimepiga honi. Ameinua mkono bila kugeuka. Ngoja.

Mama ameshusha kioo. Hakupiga kelele, ameita tu, kama anamwita mezani. "Eli. Toka, baba. Ni sakafu." Mkono wake umeshika bega la kiti changu.

Ameangalia kiputo. Hakuamini. Namjua mgongo wake, najua akiwa haamini kitu.

Amenyanyua pima maji. Sasa anatoka, nikasema, asante Mungu. Nimeshika kitasa cha mlango nikampokee.

Hatoki. Ameigeuza. Ncha ya kulia ameiweka kushoto, ya kushoto kulia, ameilaza tena pale pale, kuona kama ni chombo ndicho kinachodanganya. Kama mimi nilivyoligeuza gari.

Ameinamisha tena kichwa.

Nimepiga honi. Nimepiga honi kwa mkono wa kushoto na sijaachia.